Barua ya wazi kwa wenye mamlaka ya miji ya Ireland: pandeni kwanza juu ya paa

Kwa Waziri mwenye dhamana ya nyumba, serikali za mitaa na urithi, Dublin. Kwa wakurugenzi na madiwani wa halmashauri za Dublin, Cork, Limerick, Waterford na Galway, na wa kila mji mdogo ambao benki yake imefungwa. Nakala kwa wenzenu wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, ambao nina jambo moja la kuwasifu na moja la kuwauliza.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, najitambulisha. Mimi ni mwashi, mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu, ambaye hakuniruhusu kushika mwiko mpaka nilipomaliza mwaka mzima wa kuchekecha mchanga na kukoroga chokaa. Hapa Ireland huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu, na karibu miaka yote hiyo nimekuwa nikitengeneza majengo ya enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza, karne ya 19: masoko, benki, stesheni, mahakama, maduka, baa. Nakala ya Kiingereza ya barua hii imeshafika kwenye ofisi zenu. Hii ya Kiswahili nimeiandika kwa ajili ya wenzangu wanaopita chini ya majengo haya kila alfajiri wakienda kazini na kudhani hayawahusu.

Nina neno moja tu. Majengo haya mnayalinda usoni, nayo yanakufa utosini.

Kuna mmea unaitwa buddleia. Asili yake ni China, una maua ya zambarau yanayopendwa na vipepeo, na hauna haja ya shamba: vumbi kidogo na unyevunyevu vinautosha. Dublin umejaa. Ukiuona umeota juu kabisa ya ukuta wa duka, ghorofa ya tatu au ya nne, jua kwamba mlizamu, yaani mfereji wa maji ya paa, uliofichwa nyuma ya ukuta ule umeziba siku nyingi. Mwenye duka chini hana habari. Anauza vifuniko vya simu, taa zake zinawaka, na mita kumi juu ya kichwa chake boriti inaoza.

Mafundi wa enzi ile walijenga kwa maringo. Ukuta wa mbele waliupandisha ukapita paa, ili mpita njia aone nakshi asione vigae. Nyuma ya ukuta huo wakalaza mlizamu wa bati la risasi, na maji wakayaelekeza kwenye tundu moja au mawili, kisha kwenye bomba la chuma, ambalo mara nyingine limepitishwa ndani ya ukuta wenyewe. Ni mpango mzuri, mradi yupo mtu wa kupanda na ndoo mara mbili kwa mwaka kuondoa majani na mizoga ya njiwa. Waliochora ramani walimhesabu mtu huyo. Leo hayupo. Duka lina mpangaji, mpangaji ana mkataba, mkataba unasema paa ni la mwenye mali, na mwenye mali ni kampuni ambayo anwani yake ni sanduku la barua.

Watu wa nyumbani hunicheka ninaposema mvua ya Dublin inabomoa nyumba. Kwa kipimo, Zanzibar inapata mvua karibu mara mbili ya Dublin. Lakini masika yetu yakimwaga yanamwaga, kisha jua linatoka na ukuta unakauka. Hapa ukuta haupewi nafasi. Ni manyunyu leo, ukungu kesho, manyunyu tena kesho kutwa, na tofali linakunywa tu. Chokaa cha zamani kiliyajua hayo. Kinapitisha unyevu, kinauruhusu utoke. Akija fundi wa haraka akaziba viungo kwa saruji, unyevu unafungiwa ndani, baridi ya Januari inaugandisha, na uso wa tofali unabanduka kama maganda ya kitunguu. Makosa hayohayo nimeyaona kwetu Mji Mkongwe, mitaa ya Shangani na Malindi, kwenye nyumba za mawe ya matumbawe. Nilipanda ndege saa nyingi nikakuta saruji imenitangulia.

Nitawapa kisa kimoja kisha niendelee. Miaka michache iliyopita tuliitwa kwenye mji mmoja wa bara, nisiutaje, kutazama jengo lililokuwa benki. Jengo la fahari, mawe yaliyochongwa, madirisha ya matao, ukumbi ambao dari yake ya lipu ilikuwa na mashada ya zabibu na majani. Lilikuwa limefungwa kwa majira ya baridi mawili tu. Tulipofungua mlango, theluthi ya dari ilikuwa sakafuni, na ukutani kulikuwa na kuvu lenye rangi ya kutu, lile linalokula mbao na kuvuka hata ukuta wa mawe kutafuta mbao nyingine. Nikapanda juu kutafuta chanzo. Kwenye tundu la mlizamu nikakuta mpira wa tenisi. Mtoto wa jirani aliurusha, ukatua juu ya paa, ukabingirika mpaka tunduni, ukakaa kama kizibo cha chupa. Benki ilipokuwa wazi, mlinzi au msafishaji angeliona doa la maji kwenye dari wiki ya kwanza. Mpira ule ninao mpaka leo, uko kwenye dirisha la jikoni kwangu. Kuuondoa ilikuwa kazi ya dakika tano na ngazi. Kurudisha dari ilikuwa kazi ya miezi, na kuna sehemu hatukuweza.

Waheshimiwa, benki hizi si moja wala mbili. Mwaka 2021 Bank of Ireland ilifunga matawi 88 katika Jamhuri kwa mkupuo. Ulster Bank iliamua kuondoka nchini, na mwezi Aprili 2023 ikafunga matawi 63 yaliyokuwa yamebaki. Si yote yalikuwa katika majengo ya kale. Lakini tembeeni barabara kuu ya mji wowote mdogo wa Ireland: baada ya kanisa, jengo lililojengwa kwa mawe mazuri kuliko yote ni benki, na linalofuata ni mahakama. Benki za karne ya 19 zilikuwa na sababu ya kujenga hivyo. Mteja hakuwa na njia ya kuona hesabu zao, basi walimwonyesha mawe. Jengo lenyewe lilikuwa dhamana. Sasa dhamana imebaki, benki imeondoka, na funguo ziko kwa wakala wa mali ambaye ameweka bango la "inauzwa" na hapandi paa.

Msije mkaniambia hakuna sheria. Sheria yenu ya mipango ya 2000 inasema wazi kwamba mwenye jengo lililo kwenye orodha ya yanayolindwa ana wajibu wa kuhakikisha haliharibiki, na inataja kwa jina uharibifu unaotokana na kutotunza. Inaipa halmashauri uwezo wa kutoa ilani kwa mwenye mali afanye ukarabati. Akikaidi, halmashauri inaweza kuingia, kufanya kazi yenyewe na kumdai gharama. Inaweza hata kulichukua jengo. Mnayo sheria mpya ya 2024 inayoanza kutumika kwa awamu, lakini hata hiyo ya zamani ingetosha kama ingetumika kwa moyo. Ninavyoona mimi kwa macho ya fundi, ilani hutoka wakati paa limeshaingia ndani. Hapo si ilani tena, ni tanzia.

Kuna pia tozo ya maeneo yaliyotelekezwa, chini ya sheria ya 1990. Tangu 2020 ni asilimia 7 ya thamani ya mali kwa mwaka, kiasi kinachomuuma mtu. Halmashauri kadhaa zimepitisha miaka bila kukusanya hata senti moja. Nauliza kwa adabu: mtu akiegesha gari vibaya mbele ya soko mnamfunga gurudumu ndani ya saa moja. Anayeacha ghorofa nne zioze juu ya vichwa vya wapita njia mnamwandikia barua ya kumkumbusha.

Najua wengi wenu mna jibu moyoni ambalo hamlisemi hadharani, ila kwenye baa nimeambiwa mara nyingi: haya ni majengo ya Mwingereza, kwa nini tuyalilie? Mimi natoka nchi iliyotawaliwa na Mwarabu kisha Mwingereza, swali hilo silidharau. Tena hapa lina kidonda. Enzi hiyohiyo ndiyo iliyoleta njaa kuu iliyoanza 1845, watu wapatao milioni moja wakafa na zaidi ya milioni nyingine wakakimbia nchi. Wakati huo zilijengwa kwa wingi, si masoko wala maktaba, bali nyumba za mafukara. Msanifu George Wilkinson alichora 130 za mwanzo kwa miaka michache, karibu zote kwa mtindo mmoja. Sitaki kumwambia mjukuu wa aliyefia humo kwamba madirisha yake ni mazuri.

Lakini tazameni mlivyofanya na sanamu ya Victoria mwenyewe. Ilisimama mbele ya bunge lenu, Leinster House. Mwaka 1948 mkaiondoa, ikakaa stoo miaka mingi, na mwaka 1987 ikaishia Sydney, mbele ya jumba la maduka lenye jina lake. Mlifanya sawa kabisa. Sanamu kazi yake ni kumtukuza mtu. Soko kazi yake ni kuuza samaki. Kuondoa sanamu hakumnyimi mtu mlo wake, ila soko likianguka mwenye meza ya viazi ndiye wa kwanza kulia.

Na mikono iliyojenga ilikuwa ya nani? Chuo cha Trinity kina jengo la makumbusho lililokamilika 1857, kazi ya wasanifu Deane na Woodward. Waliochonga maua na majani ya mawe yake ni ndugu wa ukoo wa O'Shea kutoka Ballyhooly, kaunti ya Cork. Hao hawakuchonga kwa kunakili kitabu. Walikuwa na mmea mbichi mbele yao, kila kichwa cha nguzo na mmea wake. Nimesimama pale nikiwa nimeacha kazi yangu ya siku, nikapapasa jani moja na kidole. Mwashi anamjua mwashi. Kwenye klabu ya zamani ya Kildare Street, ya mabwana wakubwa wenye mashamba, nje ya dirisha kuna nyani wa mawe wanacheza biliadi. Wapo wanaosema ni kazi ya akina O'Shea, wapo wanaosema ni ya mchongaji C. W. Harrison. Vyovyote vile, ni fundi aliyewacheka waajiri wake ukutani mwao, wakamlipa. Ngazi kuu ya ndani ya jengo hilo ilibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nyani wa nje wangali wanacheza. Hiyo ndiyo habari ya kulinda uso.

Wenzangu wa Kiswahili wananiuliza: na sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kidogo, wala si lazima yatuhusu sana. Nendeni Merrion Street, kwenye makumbusho ya wanyama ambayo watu wa Dublin huiita bustani ya wanyama wafu. Jengo lile lilifunguliwa Agosti 1857, na katika ufunguzi wake aliyehutubia alikuwa David Livingstone, akisimulia safari zake za Afrika. Ndiye huyohuyo aliyefika Zanzibar 1866, na nyumba aliyokaa ipo mpaka sasa. Livingstone aliondoka Dublin na makofi. Ngazi ya mawe ya jengo ikaendelea kubeba watoto wa skuli miaka 150, mpaka Julai 2007 ilipoporomoka na kujeruhi watu. Makumbusho yakafungwa, yakafunguliwa tena 2010, na 2024 yakafungwa kwa matengenezo, basi litazameni jengo kwa nje.

Kisha shukeni mpaka mto Liffey, pembeni mwa Parliament Street. Kuna jengo linaitwa Sunlight Chambers, lilijengwa mwishoni kabisa mwa enzi hiyo kwa ajili ya kampuni ya Lever Brothers, ile ya sabuni ambayo jina lake mama zetu walilijua. Ukutani kuna utepe mrefu wa vigae vya rangi uliofinyangwa na Conrad Dressler: watu wanatafuta mafuta, wafanyabiashara wananunua, wanawake wanafua nguo. Hadithi nzima ya sabuni, na nzuri kutazama. Sura inayofuata haimo ukutani. Mwaka 1911 kampuni hiyo ilipewa ardhi kubwa Congo iliyotawaliwa na Ubelgiji kwa ajili ya mawese, na jasho la waliokwea michikichi ile halikuwa la hiari siku zote. Ninapopita na vijana wa Kikongo ninaofanya nao kazi huwaonyesha. Nataka utepe ule uwepo, nataka usafishwe, na nataka pembeni mtu aandike hiyo sura iliyobaki.

Sasa masoko, maana huko ndiko roho yangu iliko. Soko la South City, ambalo watu huliita arcade ya George's Street, lilifunguliwa 1881, tofali jekundu na udongo wa kuchoma wenye nakshi. Wachoraji walikuwa Lockwood na Mawson kutoka Bradford, Uingereza, na watu wa Dublin walinuna kwa sababu kazi wamepewa wageni. Mwaka 1892 likaungua. Likajengwa upya, likafunguliwa tena 1894, na leo ukiingia utapata vitabu vya mitumba, zeituni, pete za fedha na mtu wa kukutabiria. Miaka miwili tu, na hapakuwa na winchi za umeme. Mwaka huohuo wa moto, 1892, jiji lilifungua soko la matunda na mboga la Mary's Lane, mpango wa mhandisi wa jiji Parke Neville. Kuta zake zimechongwa matunda, mboga na samaki. Hakuna jengo Dublin ninalolipenda kuliko hilo, kwa sababu mchongaji amekiheshimu kitunguu kama wengine wanavyomheshimu malaika. Wauzaji waliondoka Agosti 2019 na kuambiwa litakuja soko jipya la chakula. Mimi nilikuwa napita kila masika na kila vuli kutazama milizamu.

Cork mnajua wenyewe. Lango la soko lenu la Kiingereza upande wa Princes Street ni kazi ya msanifu Sir John Benson, 1862. Moto ukalila 1980, halmashauri ikalirudisha kwa fedha na mafundi, na leo mgeni akija Cork hupelekwa hapo kabla hata ya kupewa chai. Halikurudi kwa bahati. Soko lilikuwa mali ya jiji, na jiji likaamua.

Na Belfast, hili ndilo la sifa. Tarehe 28 Agosti 2018 jengo la Bank Buildings, duka la Primark, liliwaka moto likiwa katikati ya ukarabati. Lilichorwa na W. H. Lynn mwishoni mwa karne ya 19, mawe mekundu ya mchanga na saa juu. Liliungua siku tatu, likabaki gofu. Barabara za katikati ya mji zikafungwa, wenye maduka jirani wakaumia. Ingekuwa rahisi kusema "bomoa". Badala yake waliyahesabu mawe, wakachonga mengine, na Novemba 2022 milango ikafunguliwa. Gharama ilitajwa kuwa pauni milioni 100. Kila nikiona hesabu hiyo nafikiria mambo mawili. La kwanza, kumbe inawezekana. La pili, mwenye duka lile alikuwa na uwezo. Benki ya mji mdogo haina mtu wa aina hiyo. Sasa swali langu kwenu watu wa Belfast: mahakama ya Crumlin Road, iliyochorwa na Charles Lanyon, 1850, imefungwa tangu 1998, imeuzwa na kuuzwa, imeungua zaidi ya mara moja. Gereza lililo ng'ambo ya barabara mmelitengeneza na watalii wanalipa kiingilio. Mahakama iliyowatuma watu kwenye gereza lile inaota miti. Mnasubiri nini?

Kwetu kuna methali ya ufa na ukuta ambayo kila mtoto wa skuli anaikariri. Nimechoka nayo, maana si ya mafundi. Mwashi anajua ufa ukionekana umeshachelewa. Kabla ya ufa kulikuwa na maji.

Hilo nalijua kwa gharama. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash, lilijengwa 1883, mwaka ambao hapa Dublin walikuwa wanajenga mabenki. Nguzo za chuma, roshani pande zote, saa. Mjomba alinipitisha chini yake nikiwa mdogo akanionyesha mahali maji yanapoingia. Mwaka 2012 kipande cha roshani kikaanguka. Kila mtu aliona, kila mtu alisema. Vikaja vikao, ikaja misaada ya Oman, wakaja mafundi, na siku ya Krismasi 2020, kazi ikiendelea, upande mzima wa mbele uliporomoka na kuua watu wawili. Kaka yangu alinitumia picha. Mwanzo sikulitambua jengo; nilitambua mti ulio mbele yake. Sikuandika barua kwa wakubwa wa kwetu wakati ule. Nilikuwa na miaka minane ya kuwa mbali na nilidhani si kazi yangu.

Basi nawaomba nini. Wadachi wana utaratibu tangu 1973 unaoitwa Monumentenwacht, doria ya majengo ya kale. Mwenye jengo anajiunga kwa ada, na kila mwaka wanakuja watu wawili na ngazi, wanapanda, wanasafisha mlizamu, wanarudisha kigae kilichoteleza, wanampa ripoti. Hakuna uchawi. Igeni hilo, ila kwa majengo yaliyofungwa msingoje mwenyewe ajiunge: pelekeni watu, mtume bili. Anzeni na benki zilizofungwa tangu 2021, maana hizo bado ziko kwenye umri wa kuokolewa. Fedha za tozo zikusanywe na ziwekwe kwenye mfuko wa paa, zisimezwe na mambo mengine. Na majengo yenu wenyewe yawe ya kwanza. Halmashauri haiwezi kumpa mtu ilani ya mlizamu huku buddleia inachanua juu ya mali yake.

Kisha ghorofa za juu. Sensa ya 2022 ilihesabu nyumba tupu 166,752, bila zile za likizo, na humo hazimo ghorofa nyingi za juu ya maduka ambazo hakuna anayezihesabu kuwa nyumba. Nimeingia nyingi. Shida yake mara nyingi ni moja: ngazi. Zamani kila duka lilikuwa na mlango wa pembeni na ngazi ya kwenda juu, familia ya mwenye duka iliishi huko. Baadaye wenye fremu wakataka kioo kipana zaidi, wakaung'oa mlango wa pembeni na ngazi yake, na ghorofa tatu za juu zikawa kisiwa kisicho na bandari. Mimi na wenzangu tunalala watu sita kwenye vyumba viwili pembezoni mwa jiji, na asubuhi tunapanda kiunzi na kuchungulia vyumba vyenye meko ya marumaru wanamolala njiwa. Mnatoa ruzuku ya mpaka yuro 50,000 kwa nyumba tupu na 70,000 kwa iliyotelekezwa. Ni jambo jema. Ongezeni ya ngazi peke yake, ya kuurudisha mlango ule wa pembeni, pamoja na afisa mmoja wa zimamoto na mmoja wa urithi watakaokaa meza moja na kumpa mtu jibu moja, si majibu mawili yanayopigana. Mtu akiishi juu ataliona doa la maji kwenye dari wiki ya kwanza. Mlinzi wa bei nafuu kuliko huyo sijamwona.

La mwisho ni mafundi. Wanaojua chokaa tunazeeka. Kwenye kazi yetu ya sasa tuko wanane na mdogo wetu ana miaka arobaini na moja. Kila zabuni mnayotoa kwa jengo la kale iwe na sharti la kijana mmoja wa kufundishwa, na akoroge mwaka mzima kama nilivyokoroga mimi. Atalalamika. Nami nililalamika.

Nimeambatisha kwenye nakala ya Kiingereza orodha ya paa kumi na saba ambazo nimeona buddleia msimu huu kati ya mto na mfereji wa Grand Canal, mtaa na upande wa ukuta. Majina ya wenye mali sikuyaandika. Hayo mnayo nyinyi. Nina ngazi, nina ndoo, na Jumapili sina kazi. Mkimtuma mtu mwenye funguo, tunaweza kuanza na ule wa kwanza kwenye orodha kabla ya mvua za Novemba.

Wenu,
Mwashi wa Kizanzibari,
Dublin 8